Kikapu Ambacho Winchi Hakukiona

Mteja aliyepeleka kochi katika karakana ya Spika alionywa mapema kwamba litakaliwa na wanaume wengi kabla halijarudi nyumbani kwake. Spika alilisema hilo kwa kicheko, akidai ndivyo springi zinavyopimwa. Ukweli ni kwamba mashabiki wa zamani wa mpira wa kikapu hawakuwa na pahali pengine pa kukutana. Jioni, wakitoka makazini, walijitupa juu ya makochi ya watu, mengine yamekwisha kuvuliwa kitambaa yakabaki sponji na mbao, wakaanza kusimulia mchezo uleule waliousimulia jana yake.

"Mama, hebu keti kidogo," Spika alimwambia mteja mmoja aliyekuwa na haraka ya kuchagua kitambaa. "Unamwona yule aliyejikunja pale kwenye cherehani? Huyo ndiye atakayekushonea. Huyo ndiye Winchi."

"Winchi gani?"

Muuza nyama, aliyekuwa amejinyoosha juu ya kochi la watu wengine, akashika kichwa. "Winchi gani! Jamani, watu wamezaliwa juzi!"

"Nina wajukuu, mwanangu," yule mama akamjibu. "Nataka kitambaa kisichoshika uchafu."

Winchi hakuinua kichwa. Alikuwa akishona mfuko wa mto, kidole gumba kikiusukuma mshono mbele ya sindano, na alijua maneno yatakayofuata kama mtu anavyojua ngazi za nyumba aliyopanga miaka mingi. Meza yake ilikuwa imeinuliwa kwa vipande vya mbao ili miguu ipate pa kupita, na cherehani ilifungwa mota kwa sababu hangeweza kukanyaga. Goti la kushoto lilikataa kukunjwa. La kulia lilikataa kunyooka. Akisimama, miguu yake ilikuwa kama ya watu wawili wasiopatana, waliolazimishwa kupanga chumba kimoja.

Jina la Winchi alipewa ujanani, alipokuwa mpakuzi wa saruji katika duka la vifaa vya ujenzi. Kocha mmoja alimwona akipokea mifuko kutoka juu ya lori kwa mikono iliyonyooshwa, akamchukua. Alipoanza kucheza mpira wa kikapu, mashabiki waliona jambo ambalo walikuwa hawajawahi kuliona: mtu anayeutoa mpira juu ya vichwa vya wenzake bila kumgusa yeyote, taratibu, kama mashine iinuavyo mzigo bandarini. Walimpenda mara moja. Nao upendo wa mashabiki una tabia moja ambayo haisemwi sana, kwamba haujui kungoja. Kifundo cha mguu kilipoteguka, walitaka kumwona wiki iliyofuata. Goti la kushoto lilipovimba, walisimama nje ya uwanja wakiimba jina lake mpaka kocha akamwita daktari wa timu, daktari akamchoma sindano ya kuua maumivu, Winchi akaingia. Alicheza hivyo msimu mzima. Hakuna aliyemlazimisha, watasema. Ni kweli, hakuna aliyemshika mkono. Lakini mtu akiimbiwa jina lake na umati, mwenye mguu ni nani tena?

Kisha ikaja ile fainali, na goti la kulia. Baada ya hapo alipasuliwa, akajaribu kurudi, akapasuliwa tena, akaacha. Wenzake wa umri wake walikuwa ndio kwanza wanaanza kujulikana.

Mchezo wa fainali hiyo ndio uliosimuliwa juu ya makochi. Spika, ambaye hakupewa jina hilo bure, aliusimulia akiwa amesimama. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Saa inakwisha, labda pumzi mbili zimebaki. Winchi, goti limekwisha kupasuka, anaomba mpira, anaruka na mguu mmoja, anafunga, anaanguka, na hainuki tena.

"Alijimaliza kwa ajili yetu," Spika humalizia hivyo kila mara, na sauti yake hukwama mahali palepale, na mwalimu mstaafu, mmoja wa mashabiki hao, hufuta miwani.

Maneno hayo hayakuwa kweli. Winchi hakufunga kikapu kile. Aliumia mapema kidogo, upande wa pili wa uwanja, akiukimbilia mpira uliokuwa unatoka nje, bila kuguswa na mtu. Dereva wa timu na daktari walimbeba wakampeleka chumba cha kubadilishia nguo, wakamlaza juu ya benchi, naye akauma taulo. Alikuwa bado ameliuma aliposikia kelele kupitia ukutani. Baadaye aliambiwa kwamba Nukta ndiye aliyefunga. Nukta alikuwa mchezaji mfupi kuliko wote, kazi yake kupeleka mpira kwa wengine, na alipewa jina hilo kwa kuwa ukimtazama kutoka viti vya juu hakuwa zaidi ya hapo. Magazeti yaliandika matokeo, yakatoa picha ya Winchi amebebwa. Mfungaji wa mwisho hakuonekana kuwa na maana.

Mwanzoni Winchi alikuwa akisahihisha. "Si mimi, ni Nukta." Wakamtazama kwa macho ya huruma.

"Mnaona?" Spika alikuwa akiwaambia wengine. "Mnaona moyo wa mtu? Angekuwa mwingine hapa angetamba."

Kadiri alivyokanusha ndivyo walivyozidi kumsifu kwa unyenyekevu, mpaka akachoka. Akaacha kukana, kisha akaanza kutikisa kichwa kidogo, kwa namna ambayo mtu angeweza kuidhania ndiyo. Hapo ndipo alipokosea, na wala haifai kumfunika. Mtu asipoaminiwa anaposema kweli, anachoka, sawa. Uchovu si leseni. Na kulikuwa na jambo jingine: magoti yalipomfukuza kila kazi ya kusimama, ni Spika aliyemwambia, "Njoo nikufundishe kushona. Wewe kwangu huwezi kulala njaa, kwa kile kikapu." Alishika sindano kwa kikapu cha mtu mwingine.

Mwaka huu chama cha mashabiki kiliamua kufanya kumbukumbu. Ukuta wa uwanja wa zamani ulisuguliwa, akatafutwa mchoraji, akapanda ngazi na kuanza kumchora Winchi akiwa hewani, mpira ukimtoka mkononi, pete ya kikapu mbele yake. Siku ikapangwa, Jumamosi, mchana. Spika alikuwa na furaha kama mtu anayeoza binti.

Siku mbili kabla ya hapo, Spika akiwa ameenda kununua sponji, mwanamke wa makamo aliingia karakanani. Alikuwa amevaa koti jeupe la stoo ya dawa na uso wa mtu aliyeiba ruhusa kazini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Kochi liko nje?"

"Sina kochi. Mimi ni binti wa Nukta."

Winchi akazima mota. Hakuwa amemwona Nukta tangu mazishi ya kocha wao. Alijua tu kwamba alistaafu kazi ya kusoma mita za maji na kwamba mwaka jana alipata kiharusi.

"Mzee hajambo?"

"Tunamfungia, baba mdogo."

"Mnamfungia nini?"

"Mlango. Tukienda kazini tunafunga kwa nje, kwa kufuli." Alisema hivyo bila kulia, kama anayetaja dawa iliyopo na dawa iliyoisha. "Kile kiharusi kilimwachia udhaifu wa mkono na ulimi mzito kidogo. Akili yake nilikuwa naiona sawa. Anajua siku, anajua dawa zake, ananikumbusha mimi kulipia umeme. Halafu akasikia kuna picha inachorwa uwanjani. Akatoka, akatembea mpaka kule peke yake, akamwambia mchoraji, 'Shuka, umekosea mtu.' Yule kijana akacheka. Baba akaivuta ngazi."

"Lahaula."

"Yule kijana hakuanguka, ila alikaribia. Majirani wakamrudisha baba wamemshika huku na huku kama mwizi. Wakasema mzee kachanganyikiwa, anasema yeye ndiye aliyefunga kikapu cha Winchi. Kaka yangu akasema basi, ndiyo kiharusi hicho, kimepanda kichwani. Akanunua kufuli." Akavuta pumzi. "Baba anakaa ndani kutwa. Hapigi kelele. Nikirudi namkuta amekaa kitandani amevaa viatu."

Winchi aliutazama mkasi uliokuwa mezani, akausogeza pasipo sababu.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," binti akasema. "Ni yeye aliyefunga, au si yeye?"

"Mimi sikufunga."

"Hilo silo nililouliza, baba mdogo."

"Sikuwepo uwanjani, mwanangu. Nilikuwa nimelazwa ndani. Niliambiwa ni yeye, na mimi naamini ni yeye."

"Kaka atasema unamhurumia. Kila mtu anasema wewe ni mtu wa kujishusha sana." Akatabasamu kwa uchungu. "Nikimpelekea hayo maneno yako, ataniambia, unaona, hata Winchi mwenyewe anamwonea baba huruma. Anataka mtu aliyeona kwa macho yake."

Watu uwanja mzima walikuwepo siku ile, na wote huapa kwamba waliona. Yule mmoja ambaye hakuona kitu ndiye aliyejua ukweli, na ushahidi wake haukufaa.

"Kumbukumbu ni Jumamosi," Winchi akasema mwishowe. "Watakuwepo wote. Nitawauliza."

Nyumbani, mke wake alikuwa ameketi kwenye kigoda amezamisha mikono katika beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu kazi yake ya kufua mashuka ya hoteli ilimpasua ngozi. Winchi akamweleza yote. Alimweleza polepole, akitumaini pengine kwamba katikati ya maelezo lingejitokeza jambo la kumzuia.

"Spika atanifukuza," akamalizia.

"Kwani alikuajiri kufunga au kushona?"

"Aliniajiri kufunga."

Mke wake akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na yule mzee kafungiwa?"

"Kafungiwa."

"Sasa unaniuliza mimi nini, mume wangu?"

Alijikalisha kitandani kwa hatua zake za kawaida, mkono kwanza, kisha nyonga, kisha kuuinua mguu mmoja kwa mikono kama mzigo usio wake, na akalala akiwa bado hajaamua kuvua shati.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya ukuta, vipaza sauti viwili vikafungwa, na ile picha ikafunuliwa kwa makofi. Ilikuwa picha nzuri, haina ubaya. Mchoraji alikuwa amempa Winchi magoti mapya kabisa.

Spika alisimulia. Sauti ilikwama palepale inapokwama, watu wakasimama, wengine wakaanza kuimba, "Win-chi! Win-chi!" kwa sauti za watu waliokwisha kuzeeka, zenye vikohozi ndani yake. Kisha kipaza sauti kikatiwa mkononi mwa Winchi.

"Ahsanteni," akasema. "Kikapu kile sikufunga mimi."

Makofi yakazidi. "Huyo ndiye Winchi bwana!" mtu akapaza sauti. "Hajabadilika!"

"Sijajishusha. Nasema sikufunga."

"Tumesikia, mkubwa!" Kicheko kikapita kiti kwa kiti. Mwalimu mstaafu alikuwa tayari ameshavua miwani.

Winchi alisimama akiegemea mgongo wa kiti. Alikuwa na umati ambao ungependa kila alichosema isipokuwa kile kimoja. Akamwona muuza nyama mstari wa mbele, akamwelekezea kidole.

"Wewe. Siku ile ulikaa wapi?"

"Mimi? Nyuma ya kikapu chao kabisa. Nilikuona kama ninavyokuona sasa."

"Nilifunga kwa mkono gani?"

"Wa kulia!"

"Wa kushoto," mwalimu mstaafu akasahihisha kutoka pembeni. "Samahani, ndugu yangu, ulikuwa wa kushoto. Mguu wa kulia umeumia, hivyo aliruka na wa kushoto."

"Mwalimu, mimi nilikuwa nyuma ya kikapu!"

"Na mimi nilikuwa na darubini!"

Wakacheka, lakini Winchi hakucheka, na kwa kuwa hakucheka kicheko kikapungua.

"Nilitokea upande gani wa uwanja?" akauliza. "Nani alinipa mpira?"

Majibu yakatoka mengi, na hakuna mawili yaliyofanana. Wenye majibu wakaanza kutazamana.

"Basi nisikilizeni. Mimi nilikuwa ndani, nimelazwa juu ya benchi, taulo liko mdomoni. Sikuona kitu. Lakini nilisikia. Niliwasikia nyinyi. Mlikuwa mnaimba jina langu hivi mlivyoimba sasa hivi. Goti limepasuka, daktari amelishika kwa mikono miwili, na nyinyi mnanitaka nirudi." Sauti yake haikupanda, ilikuwa ya mtu anayesoma vipimo vya kitambaa. "Sasa niambieni. Mtu mnayemwita arudi, mlikuwa mnamngoja atokee wapi?"

Vichwa viliugeukia, kimoja baada ya kingine, mlango wa chuma wenye kutu wa chumba cha kubadilishia nguo, uliokuwa kona ya mbali ya uwanja, chini ya jukwaa.

"Mlango ule," Winchi akasema. "Mlikuwa mnatazama mlango ule. Nukta akafunga mmempa visogo. Sasa nauliza kwa heshima zote. Nani hapa alikuwa anatazama mpira?"

Mtoto mmoja aliuliza jambo, mama yake akamnyamazisha. Mchoraji, aliyekuwa amesimama karibu na ngazi yake, alikuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo nifute?"

"Kaa kimya wewe," muuza nyama akamfokea.

"Nukta amefungiwa ndani kwa kufuli," Winchi akaendelea. "Wanawe wanadhani kachanganyikiwa, kwa sababu anasema kikapu ni chake na sisi wote tunasema ni changu. Nyinyi mlisema na mimi nikawaachia. Namtafuta mtu mmoja tu aliyeona."

Spika alimkaribia, akaweka mkono juu ya kipaza sauti. "Unaniharibia shughuli, Winchi," akanong'ona, midomo haichezi. "Mbele ya watu. Baada ya yote?"

"Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Spika akakichukua kipaza sauti akakizima. Mtu wa muziki, akidhani ameashiriwa, akafungulia muziki. Watu walikaa kidogo, wakanywa soda zao, wakaondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wengine walimpita Winchi bila kumpa mkono. Mwalimu mstaafu alisimama mbele yake, akaenda zake na miwani mkononi. Watu hawapendi kunyang'anywa kitu walichokililia miaka mingi, hata kama hakikuwa chao. Na hakuna hata mmoja aliyesema, niliona.

Winchi alibaki kwenye kiti, si kwa ukaidi ila kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa. Spika alikuwa akikusanya viti na kuvipachika kimoja juu ya kingine kwa kishindo, kila kimoja kama tusi. Alivimaliza vyote. Kisha akavuta kimoja kutoka juu, akakiweka karibu na Winchi, akaketi.

"Mlango," akasema.

Winchi akamgeukia.

"Nilikuwa natazama mlango. Nimepanda juu ya kiti, nalia kama mtoto, natazama mlango. Nikasikia kelele, nikageuka, mpira upo chini unadundadunda na watu wanakumbatiana. Nikamuuliza jirani yangu, nani kafunga? Akaniambia, Winchi, nani mwingine? Nami nikamgeukia aliyekuwa nyuma yangu nikamwambia, Winchi kafunga." Akapangusa uso kwa kiganja. Bila kipaza sauti, bila umati, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Winchi alivyowahi kuisikia. "Wewe umetoka lini, na umefungaje na goti limepasuka, sikujiuliza. Baadaye nimesimulia mpaka nikawa nakuona. Wallahi nakuona. Hata sasa nikifumba macho."

"Haya yaseme kule."

"Kwa nani?"

"Kwa mtoto wake aliyenunua kufuli."

Spika alikuwa mtu wa maneno mengi, na mtu wa namna hiyo kurudisha neno moja ni kazi nzito kuliko kubeba kochi ngazini. Ni heshima yake kwamba alisimama.

Walikwenda na gari dogo la mizigo la karakana, Winchi amenyoosha mguu mmoja na kukunja mwingine. Njiani Spika aliongea mara moja tu. "Jumatatu lile kochi la yule mama mwenye wajukuu lazima litoke. Usichelewe." Winchi akaitikia kwa kichwa.

Binti ndiye aliyewafungulia. Kaka yake alikuwepo, mwanamume mnene mwenye macho mekundu ya mtu anayefanya kazi za zamu, fulana imelowa begani kwa kumwogesha baba yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama kati yao na mlango wa chumba.

"Wazee wangu, karibuni. Lakini kama mmekuja kumfurahisha baba, naomba msifanye hivyo. Mkishaondoka, mimi ndiye ninayebaki naye. Akitoka tena akamwangusha mtu, nitasema nini?"

"Sikuja kumfurahisha mtu," Spika akasema. "Mimi mwenyewe leo sina furaha. Nimekuja kwako wewe. Unanijua mimi nani?"

"Nani asiyekujua? Wewe ndiye uliyenisimulia mimi kile kikapu. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya sponji pale karakanani kwako."

"Basi mimi niliyekusimulia sikukiona. Nilikuwa nimegeukia pengine. Mashabiki wote wameulizwa leo, mbele ya watu, hakuna aliyeona. Tulimbambikia huyu," akamgusa Winchi begani, "kwa sababu tulikuwa tunamtaka yeye. Baba yako hajachanganyikiwa, mwanangu. Sisi ndio tuliochanganyikiwa, tena kwa kelele."

Yule kaka alimtazama, akamtazama Winchi.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nilikuwa ndani nalia," Winchi akasema. "Nimekuwa nikikaa kimya kwa sababu nilichoka kubisha. Kimya changu ndicho kilichokununulia lile kufuli."

Kaka akasogea pembeni.

Nukta alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, kamba zimefungwa vizuri. Alikuwa amekonda, na udogo wake wa zamani ulikuwa umezidi. Alikuwa amesikia kila kitu, maana nyumba ile haikuwa na dari. Akawatazama wanavyoingia, Winchi akishika fremu ya mlango ili kuupitisha mguu usiokunjika.

"Unatembea vibaya kuliko mimi mwenye kiharusi," Nukta akasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalifika.

"Vibaya sana, kaka."

"Keti basi. Unanichosha kukutazama."

Wakaketi. Binti na kaka yake walibaki wamesimama mlangoni. Spika alijikohoza, akafunua mikono kama anavyofanya akitaka kuanza kusimulia, akaikunja tena mapajani.

"Tuambie kilivyoingia," akasema. "Sisi hatukuona."

Nukta alikusanya pumzi kwanza, na labda alikuwa akipima kama bado jambo lenyewe linastahili pumzi hizo.

"Hakuna cha kuambia," akasema. "Nilipewa mpira, nikaenda nao mbele. Mimi sikuwa mfungaji, mnajua. Nikamtafuta huyu nimpe." Akamwelekezea Winchi kidevu. "Nimezoea kumtafuta huyu. Nikatazama kulia, hayupo. Kushoto, hayupo. Nikakumbuka wamembeba. Nikarusha tu, niondokane nao. Ukagonga ubao, ukazunguka pete, ukaingia. Nikageuka nifurahi na watu, nikaona watu wote wamenipa mgongo."

Winchi aliinamisha kichwa. Spika alikuwa akilia, lakini safari hii bila sauti.

"Ndiyo hivyo," Nukta akasema. "Nimechoka sasa."

Akainama kufungua kamba za viatu. Mkono dhaifu ulishindwa na fundo. Mwanawe akaja, akapiga magoti, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka chini ya kitanda. Alibaki amepiga magoti kidogo zaidi ya kazi ilivyohitaji. Kisha akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akampa dada yake bila kumtazama.

"Litoe pale nje," akasema. "Lile kufuli."

Nukta alikuwa amekwisha kujilaza ubavu, uso ukutani.

"Mkitoka," akasema, "mrudishie mlango tu."

Wakaurudishia.